Bonde la Tana Katika Ramani ya Zamani

Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuacha baraza za jioni hapa Mombasa mkaja kusikiliza habari za karatasi kuukuu.

Karatasi zenyewe ni ramani za 1:50,000, yaani sentimita mbili kwa kilomita moja. Nyingi za Kenya zilichorwa na idara ya Uingereza ya kupima makoloni, iliyoanzishwa 1946, kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo mto ulichorwa ulivyokuwa siku ndege ilipopita. Na Tana hautulii.

Tazameni mfereji wa Belezoni. Karne ya 19 mtawala wa Witu, wa ukoo wa Nabahani, alichimbisha mfereji wa kuunganisha Tana na Mto Ozi, mitumbwi ipate kushuka hadi Kau na Kipini. Mafuriko yakaja, maji yakaupanua mfereji, mwishowe Tana wenyewe ukahamia humo. Leo unamwaga maji Kipini, na mdomo wake wa zamani uko kusini. (Mtu alitaka njia ya mitumbwi, akaletewa mto mzima!)

Shuleni tulifundishwa kusoma bonde kwa kontua, mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Huku chini kontua hazitufai sana. Garissa kwenyewe, mbali kule bara, ni kama mita 150 tu juu ya bahari. Kontua zikiachana mita 20, mashamba ya vijiji kadhaa yanaingia yote kati ya mistari miwili. Kumbe kinachoamua nani atalala pakavu ni tuta la mchanga na tope lililojengwa na mto, ambalo pengine halifiki kimo cha mtu. Ramani hailioni.

Basi someni vijiji. Wapokomo hujenga juu ya matuta hayo, na katika ramani nyumba zao ni vidoti vyeusi. Mkiona vidoti vimejipanga safu yenye kupinda, mto hauko karibu, na kando yake pana ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo, hapo ndipo Tana ulipokuwa ukipita. Mto umehama, watu wamebaki na tuta lao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaozibeba ramani hizi kwenye kesi za mashamba kana kwamba ule mstari wa buluu haujasogea. Isitoshe, tangu Kindaruma 1968 na Masinga 1981, mabwawa ya juu yamebadili mafuriko na tope linaloshuka. Anayetaka kuitumia ramani aanzie pembezoni, kwenye maandishi madogo: picha zilipigwa mwaka gani? Kisha aende kijijini Ngao, huko Tana, awaulize wazee maji yalipita wapi mwaka 1961, na tena 1997.