Kamati ya shule na fedha ya shule: mhadhara kwa wajumbe wapya wa shule za msingi

Ndugu wajumbe, walimu wakuu, watendaji wa vijiji na mitaa. Wazee wetu, shikamooni.

Mmechaguliwa kuingia kwenye kamati za shule za msingi. Sekondari zina bodi, ninyi mna kamati, na vyombo vyote viwili vinasimama juu ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353. Majukumu yote yaliyoandikwa mtayasoma wenyewe kwenye mwongozo. Leo nataka tukae kwenye jambo moja tu: fedha na vifaa vinavyopita mikononi mwa kamati, na namna uamuzi unavyofanyika.

Kamati nyingi zina moyo wa kazi. Kinachokosekana ni karatasi tatu mezani kabla kikao hakijafunguliwa: idadi ya wanafunzi ya mwezi huo, taarifa ya benki, na mpango wa maendeleo ya shule wenye bei. Karatasi hizo zisipokuwepo, mjumbe anasomewa taarifa, anaitikia, anasaini mahudhurio, anarudi nyumbani. Muhtasari utasema kamati imeridhia, lakini hakuna kilichoamuliwa.

Tuanze na ruzuku ya uendeshaji. Chini ya elimumsingi bila malipo, iliyoanza Januari 2016, hesabu ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 huja kwenye akaunti ya shule. Gawanyeni kwa miezi 12: Sh 500 kwa kila mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 640 inatazamiwa kupokea Sh 320,000 kwa mwezi, yaani Sh 3,840,000 kwa mwaka. Mjumbe anayeijua hesabu hiyo haulizi tu "fedha imefika?" Anauliza kwa nini zimeingia Sh 290,000 wakati watoto ni 640.

Jibu la kawaida la swali hilo ni takwimu. Ruzuku hufuata idadi iliyo kwenye mfumo wa takwimu wa serikali, na idadi ya kwenye mfumo hufuata kile shule ilichojaza. Darasa la kwanza likiandikishwa Januari halafu takwimu zikacheleweshwa, shule inanunulia chaki watoto ambao Hazina ya serikali haiwajui. Kinyume chake kipo pia: watoto waliohama au walioacha shule wakibaki kwenye orodha, hao ni wanafunzi hewa, na mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki nchi nzima kwa sababu yao. Kwa hiyo mjumbe apite darasani mara moja kila muhula na daftari la mahudhurio mkononi, ahesabu vichwa, alinganishe na fomu za TSM, yaani takwimu za shule za msingi, kabla hazijaondoka kwenda kwa Afisa Elimu Kata. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja.

Kuna fedha nyingine inayozua maneno vijijini: posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, Sh 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni haki yake binafsi. Haiingii kwenye mapato ya shule wala kamati haiipangii matumizi. Mwelezeni mwananchi anayeuliza, mapema, kabla ya mkutano wa kijiji kugeuka kuwa baraza la tuhuma.

Ruzuku ina mafungu yake na asilimia zake. Waraka wenye asilimia hizo usikae kwenye droo ya mwalimu mkuu; ubandikwe ubaoni, na pembeni yake ubandikwe ukurasa mmoja wa mapato na matumizi ya mwezi. Ukurasa uwe na mistari inayosomeka: kiasi kilichoingia, tarehe, kilichonunuliwa, bei ya kimoja, jumla, salio. Kubandika taarifa ya FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule, kama ilivyotoka kwenye mashine hakusaidii, kwa sababu mzazi haelewi namba za vifungu. Iandikeni upya kwa mkono.

Sasa muhtasari. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote, kwa sababu mkaguzi hakuwepo kikaoni. Atasoma maandishi tu. Sentensi kama "kamati iliridhia matengenezo ya darasa" haina thamani. Andikeni hivi: "Kamati imepitisha Sh 184,000 kwa matengenezo ya sakafu ya darasa la nne: mifuko 8 ya saruji kwa Sh 18,000, jumla Sh 144,000, na usafiri Sh 40,000. Fedha itoke fungu la ukarabati. Msimamizi ni mjumbe fulani. Kazi ikamilike kabla ya shule kufunguliwa." Bei hizo ni za mfano, umbo ndilo la kushika: kiasi, bidhaa, bei ya kimoja, fungu, mtu, muda. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na katibu, ambaye ni mwalimu mkuu, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza yaliyoamuliwa yamefikia wapi. Muhtasari ulioandikwa baada ya fedha kutoka, ili kujaza jalada, unatambulika mara moja: tarehe ya risiti inatangulia tarehe ya kikao. Mwalimu mkuu aliyenunua chaki za dharura kwa nia njema ataonekana mkosaji kwa sababu hiyo moja.

Ujenzi ndio unaoitesa kamati kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Madarasa mengi sasa yanajengwa kwa mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule yenyewe, utaratibu ambao wengi wenu mnauita fosi akaunti. Mwaka 2021, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 namna hii: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani madarasa ya karibu na makazi yaliyo chini ya shule mama, kwa Sh milioni 20 kila darasa. Boma, yaani jengo lisilokamilika, lililoinuliwa na wananchi limekuwa likikamilishwa kwa Sh milioni 12.5. Fedha hizo zinatosha pale tu ambapo hakuna kinachopotea njiani, na mawe, mchanga na maji vinapotoka kwa wananchi.

Utaratibu una kamati ndogo tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Shida inaanza pale watu walewale wanapokaa kwenye zote tatu kwa kuwa "ndio wanaojitolea". Aliyenunua asipokee. Kamati ya ujenzi inaandika mahitaji kwa kufuata mchanganuo wa vifaa wa mhandisi wa halmashauri. Kamati ya manunuzi inachukua bei za wauzaji watatu na kuandika sababu ya kumchagua mmoja. Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi inahesabu, inapima, inasaini. Kisha ndipo malipo na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kila mfuko unaoingia stoo uandikwe kwenye leja, na kila unaotoka uandikwe nani kauchukua na kwa kazi gani. Jioni, mifuko mitupu ihesabiwe. Leja ikisema imetoka 12 na mitupu ni 9, swali liulizwe jioni ileile.

Kupokea hakumaanishi kuhesabu tu. Bati la geji 28 na la geji 30, ambalo ni jembamba zaidi, ukiyatazama kwa macho yanafanana. Someni maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, msisome risiti pekee. Nondo iliyoandikwa milimita 12 ipimwe unene kwa kalipa, kile kipimo chenye mdomo wa kubana, kwa sababu zipo zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa nyembamba. Mchanga upimwe kwa chupa: jaza theluthi moja ya chupa ang'avu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache itulie kwa muda wa saa 3. Tope litajitenga juu ya mchanga. Likizidi sehemu 1 kati ya 10, mrudishieni mwenye lori. Mchanga wenye tope hauishiki saruji, na plasta yake hubanduka.

Kwenye vipimo vya zege, karai na koleo havifai, kila fundi ana mkono wake. Tengenezeni boksi la mbao lisilo na kitako, futi 1 kwa futi 1, kina inchi 15. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Zege ya lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, ni 1:2:4, yaani mfuko 1, maboksi 2 ya mchanga, maboksi 4 ya kokoto. Maji yawe karibu lita 25, pungufu kidogo kama mchanga umelowa. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa sababu linamiminika bila kazi, lakini maji yale yakikauka huacha matundu, na zege inapoteza nguvu. Baada ya kumwaga, mwagilieni siku 7, asubuhi na jioni. Nguzo za kushikilia mbao chini ya lenta zibaki siku 14. Fundi anayetaka kuzing'oa siku ya nne anataka mbao zake ziende kazi nyingine.

Tofali nalo. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu, la milimita 450 kwa 225 kwa 150, lina ujazo wa lita 15 hivi. Fundi akiahidi tofali 50 kwa mfuko mmoja, hizo ni lita 760 za tofali kutoka lita 35 za saruji. Mchanga umezidi saruji zaidi ya mara 20. Bei yake itakuwa nzuri, na kona za tofali zitabaki mikononi mwa wabebaji.

Saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na isizidi miezi 3. Shule inayonunua saruji yote siku fedha inapoingia, wakati msingi bado haujachimbwa, mara nyingi hujikuta na mawe ndani ya mifuko. Upande mwingine, shule zote za wilaya zikipata fedha pamoja zinatafuta mabati na saruji wiki zilezile, na bei inapanda. Kwa hiyo chukueni bei za wauzaji mapema, hata kabla fedha haijaingia, na mkishaingia mkataba bei iandikwe pamoja na usafiri hadi shuleni.

Chakula cha mchana kinahitaji hesabu ileile. Chukueni kiwango cha gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kwa siku. Shule ya watoto 640 itapika kilo 76.8 za mahindi na kilo 19.2 za maharage kila siku. Kwa siku 194 za masomo, mtoto mmoja anahitaji kilo 23 na ushei za mahindi, debe moja na kidogo, na karibu kilo 6 za maharage. Namba hizo ndizo za kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu mzazi akiambiwa "changieni chakula" anasikia mzigo usio na mwisho. Mkusanye baada ya mavuno, mahindi yakiwa rahisi. Yakaushwe unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, yakae juu ya chaga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yenye ukungu yasipikiwe watoto hata kama yametolewa kwa mapenzi.

Michango yenyewe ipitie serikali ya kijiji au mtaa, kwa kibali, na walimu wasishike fedha wala magunia. Na jambo hili nalisema kwa uzito: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia hafukuzwi darasani. Nyaraka za elimu bila malipo zimekataza. Kumwacha atazame wenzake wakila ni ukatili, na kamati itafute njia, iwe shamba la shule au mzazi kuchangia kuni na siku za kupika.

Naja kwenye jambo ambalo naona kamati nyingi hazijaliweka kwenye mpango. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule, walioanza na mtaala mpya, watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne, waliobaki na mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Mikondo miwili inaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Shule yenu ya msingi itabaki na darasa moja pungufu, na sekondari ya kata itahitaji vyumba na madawati ya kidato hicho mara mbili.

Kwa hiyo kabla hamjapitisha chumba kipya cha msingi, pigeni hesabu ya mwaka 2028: watoto wa kila darasa, gawanya kwa 45, linganisha na vyumba mlivyonavyo. Shule nyingine zitakuta kwamba upungufu wao wa kweli ni vyoo. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Wasichana 330 wanahitaji matundu 17, wavulana 310 wanahitaji 13. Ikiwa yapo 8 ya jumla, nguvu za wananchi na mawe yaliyosombwa yaende huko, pamoja na chumba chenye maji kwa wasichana wakubwa.

Ajenda hiyo iingie kwenye kikao chenu cha robo kinachokuja, na mwenyekiti wa bodi ya sekondari ya kata aalikwe akae nanyi. Sasa naomba maswali; shule zenye maboma yaliyokwama zitangulie.