Ukubwa wa Anwani Uandikwe, Usibashiriwe

Ndugu zangu, walionisikia kabla wanajua nitaanzia wapi: 6502, prosesa ya mwaka 1975. Naanzia pale kwa sababu ndipo kosa la kuiachia asembla, programu inayogeuza maagizo kuwa msimbo wa mashine, ibashiri ukubwa wa anwani linapoonekana kwa macho.

Andika LDA $FF,X, yaani pakia baiti kutoka anwani $FF ukiongeza rejista X, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa ($ huashiria heksadesimali). Asembla inaona namba inaenea katika baiti moja, basi inatoa B5 FF, yaani anwani fupi ya ukurasa sifuri, baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu. Sasa andika LDA $00FF,X. Thamani ni ile ile. Lakini asembla nyingine zitarudia B5 FF, na nyingine zitahesabu tarakimu ulizoandika zitoe BD FF 00. Haya, tia 1 katika rejista X uendeshe. Umbo fupi linasoma $0000, kwa kuwa jumla hairuhusiwi kutoka ukurasa sifuri, inazunguka. Umbo refu linasoma $0100. Anwani mbili tofauti kabisa!

Kuna atakayeniambia, "Hiyo ni baiti moja tu, iachie asembla iamue." Baiti moja ningeisamehe. Siwezi kusamehe programu inayosoma mahali ambapo mwandishi wake hakupataja.

Na namba ni afadhali. Tazama majina. Umeandika LDA kasi,X, na kasi imefafanuliwa chini kabisa ya faili. Pasi ya kwanza, yaani inapopitia faili mara ya kwanza, asembla haijui thamani yake, inatenga baiti tatu kwa tahadhari. Pasi ya pili inakuta kasi ni $10. Ikifupisha, lebo zote zinazofuata, yaani majina ya mahali katika programu, zinahama na hesabu ya pasi ya kwanza inaharibika. Isipofupisha, umepewa umbo refu kimyakimya. Kesho mwenzako anahamishia ufafanuzi ule juu ya faili ili kupanga vizuri, na umbo fupi linarudi. Mstari wenyewe haukuguswa na mtu, ila maana yake imegeuka! Mnalikubalije jambo hili?

Dawa ipo, na ni fupi mno. Katika ca65, asembla ya 6502, unaandika z:kasi ukitaka ukurasa sifuri, a:kasi ukitaka anwani ya baiti mbili. Kwenye prosesa ya 6809 ni alama moja: < kwa anwani fupi, > kwa ndefu. Wanaolalamika kuwa alama hizi zinachafua msimbo, nawauliza: msomaji atajuaje ulichokusudia? Akakisie pamoja na asembla?

Muda unakwisha, niende mbio. Kwenye prosesa ya 68000, ($8000).W si $8000, kwani biti ya alama inapanuliwa na anwani inakuwa $FFFF8000. Kiambishi kile cha .W kinabeba maana, msikifute.

x86, familia ya prosesa za Intel, ningeipa saa nzima. Nishike moja tu: byte au word mbele ya mabano hutaja ukubwa wa data, siyo wa anwani. Anwani hujitaja ndani ya mabano. Katika hali ya biti 64, [ebx], rejista ya biti 32, huifanya asembla itangulize baiti yenye thamani 67 ya heksadesimali, na [rbx], ya biti 64, haihitaji. Sasa lodsb, agizo la kusoma baiti moja kutoka kumbukumbu, lisilo na mabano, utalitajia wapi? Katika asembla ya NASM andika a32 lodsb, katika asembla ya GNU addr32 lodsb, nalo litasoma kupitia rejista ESI ya biti 32 badala ya RSI ya biti 64. Haya, maswali.