Shika Kibano, Dawa Iache Dukani

Jamani, tukae tuanze. Nitarudia niliyoyasema mwaka jana, na mwakani mkiniita nitayarudia, maana simu bado zinanijia usiku: "Kaka, tangi langu limevamiwa na viti vya pweza, niweke dawa gani?" Usiweke dawa yoyote!

Ninyi wenye matangi ya samaki wa ziwa letu, nivumilieni. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hamtamkuta Ziwa Tanganyika hata mpige mbizi mpaka Kongo. Duniani hakuna hata aina moja yake inayoishi maji baridi. Lakini wachache wetu hapa Kigoma tumeiweka bahari ndani ya kioo, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka pwani, na ukinunua jiwe la matumbawe hawa wanakuja nalo bure. Wafugaji huwaita Asterina. Ni wadogo kama ukucha, rangi ya majivu, na mikono yao haitoshani: mitatu mirefu, miwili ndiyo kwanza inachipua. Haitoshani kwa sababu wengi hujipasua wenyewe katikati, kila nusu ikaota mikono iliyopungua. Kwa hiyo wewe unayemkata kwa wembe humo humo majini, unapanda muhogo.

Sasa sikieni yaliyonikuta. Nilikuwa na tangi la lita 200 sebuleni, pale Mwanga. Saa nane usiku nikawasha tochi, nikahesabu 63 kwenye kioo cha mbele peke yake. Nikaingiwa na hofu. Muuzaji mmoja akaniambia niweke dawa ya shaba, ile ya kutibu madoa meupe ya samaki. Nikaweka. Asubuhi kamba wangu amelala chali, miguu bado inatetemeka. Konokono wamedondoka kwenye kioo. Matumbawe laini, yaliyokuwa yakifunguka kila asubuhi kama ua la boga, yamejikunja. Siku ya tatu yananuka. Samaki walipona, ndiyo, kwa sababu shaba kwa kipimo kile huua wasio na uti wa mgongo. Na ikishanywewa na mawe, haitoki kirahisi. Mawe yale sijayarudisha kwenye maji ya chumvi mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nimekaa hata usiku mmoja kuangalia wale viumbe wanakula nini. Wengi wao wanalamba utando wa mwani tu! Wapo wanaokula matumbawe, sikatai, hasa yale madogo laini yaitwayo zoanthidi. Lakini ukimkuta juu ya tumbawe usimhukumu papo hapo. Tumbawe linalokufa lenyewe huota mwani, naye anafuata mwani. Rudi kesho usiku, na keshokutwa. Ukimkuta kwenye tumbawe lenye afya, na akiondoka panabaki kovu jeupe, huyo ni mlaji.

Mtaniambia, mbona Australia wanawachoma sindano ya siki? Wale ni wengine kabisa: Acanthaster, ana miiba mwili mzima, upana wake unaweza kuzidi sentimita 30, na chakula chake ni matumbawe hai. Msinichanganyie!

Huyu wetu mtoe kwa kibano, taratibu, mzima mzima, umtie kwenye kopo la maji ya ziwa. Maji yasiyo na chumvi yanamuua. Kumi leo, kumi kesho. Na chakula cha samaki punguza, maana mabaki ndiyo yanayolisha mwani, na mwani ndio unaowalisha wao.

Mzee wangu pale nyuma, shikamoo, najua utauliza tena kama chumvi ya Uvinza inafaa kutengenezea maji ya bahari. Chumvi ile tunaila na tunaipenda, lakini ni ya jikoni. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na ndani yake mna kalsiamu na magnesiamu ambavyo tumbawe linajengea mifupa yake. Ya jikoni haina vya kutosha.

Kuna kamba aitwaye Hymenocera picta, anakula viti vya pweza tu. Anamgeuza chali, anaanza na vimiguu. Akiwamaliza, njaa inamuua, na hapa Kigoma utamnunulia wapi wengine? Nimepita hapo.

Mawe mapya na kuyatenga kwanza, muda umekwisha, sitalifikia. Wenye vibano wabaki. Tangi la mwenyeji wetu liko chumba cha pili. Taa tunazima sasa, na tochi ninazo tatu.