Kukagua Senti za Lincoln: Kasoro ya Kiwandani na Jeraha la Mtaani

Mabibi na mabwana, karibuni. Mada yetu ni sarafu ya senti moja ya Marekani, ile yenye sura ya Abraham Lincoln, iliyoanza kutolewa mwaka 1909. Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kiligonga za mwisho za matumizi ya kawaida, lakini zilizomo mikononi mwa watu ni mabilioni, na ndugu zetu wanaoishi huko wanazo tele kwenye makopo na droo. Kila mnapoishika moja, jiulizeni kwanza: hitilafu hii ilitokea ndani ya mashine, au baada ya sarafu kutoka? Iliyotokea nje ni jeraha tu, haina thamani hata ikipendeza namna gani.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya kukuza mara 10, taa moja ya mezani inayopinda, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku ndogo, na kitambaa laini cha kutandika. Lenzi ya mara 30 itawachanganya, maana inaonyesha sehemu ndogo mno na kila mkwaruzo unaonekana maajabu. Sarafu ishikwe ukingoni. Isisuguliwe kwa siki wala dawa ya meno: ngozi yake ya asili ikitoka, bei nayo imetoka.

Sasa tuje kwenye urudufu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma wenye picha iliyozama. Muhuri huo nao hupata picha yake kutoka kwa muhuri mama, wenye picha iliyoinuka, unaokandamizwa juu yake. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kilikuwa kigumu, kikarudishwa tanuruni kulainishwa, kisha kikakandamizwa tena. Muhuri mama ukikaa upande kidogo safari ya pili, herufi zinaingia mara mbili. Toka hapo kila sarafu inayogongwa kwa muhuri huo hubeba urudufu uleule, mahali palepale. Ndiyo maana tunaweza kulinganisha sarafu na picha ya muhuri unaojulikana. Isipolingana, tuna haki ya kuitilia shaka.

Maarufu kuliko zote ni ya 1955. Mwaka na maandishi ya upande wa picha yamejirudia kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, na inakadiriwa zilitoka kati ya 20,000 na 24,000. Kuna mtego hapo. Zipo senti za 1955 ambazo tarakimu 5 ya mwisho peke yake ina kivuli. Hizo zilitokana na muhuri uliochakaa, na thamani yake ni ndogo sana.

Mtego mkubwa zaidi ni urudufu wa mashine. Muhuri uliolegea hucheza kidogo mara tu baada ya kugonga, ukaikwangua herufi iliyokwisha kutokea. Tazameni kwa lenzi huku mkizungusha sarafu polepole chini ya taa. Urudufu wa mashine ni bapa, umekaa chini kama ngazi, unang'aa, na herufi yenyewe imepungua unene. Urudufu wa muhuri huwa na mwinuko wake, herufi imenenepa, na kwenye ncha zake mnaona mpasuko mdogo, ncha mbili badala ya moja.

Senti ya 1969 yenye S, alama ya San Francisco, inafundisha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Wakati huo alama ya kiwanda ilipigwa kwa mkono kwenye muhuri baada ya picha kukamilika. Kwa hiyo kwenye ile ya kweli mwaka, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vimejirudia, lakini S iko moja. S nayo ikiwa imekwanguliwa upande uleule, hiyo ni mashine, na za namna hiyo ni nyingi mno. Nyingine za kutafuta ni 1972 isiyo na alama ya kiwanda, 1983 upande wa nyuma, 1984 penye ndewe ya sikio, na 1995 kwenye LIBERTY na IN GOD.

Kuanzia 1982 kiini ni zinki yenye ngozi nyembamba ya shaba. Ngozi hiyo hupasuka pembeni mwa herufi na kuacha mstari wa kijivu unaofanana na urudufu, au hufura vipovu. Msihangaike navyo. Mwaka huohuo zilitoka za aina zote mbili, na hapo mizani inafanya kazi: za shaba zina gramu 3.11, za zinki 2.5. Ya 1982 yenye D, alama ya Denver, na tarakimu ndogo za mwaka ilipaswa kuwa ya zinki tu, ila ya shaba iligunduliwa mwaka 2016. Ya 1983 inayofika gramu 3.1 nayo iwekeni kando.

Kwa anayeanza, ningeshauri za 1998, 1999 na 2000 zisizo na alama ya kiwanda. Geuzeni nyuma, tazameni neno AMERICA. Kwa kawaida A na M karibu zigusane. Chache zina nafasi wazi, kwa sababu ulitumika muhuri wa muundo uliokusudiwa sarafu maalumu za wakusanyaji. Ya 1999 ndiyo adimu kuliko wenzake.

Sarafu iliyokatika ukingoni ichunguzeni upande ulio mkabala. Kipande kikikatika kabla ya kugongwa, ukingo wa mkabala mara nyingi huwa dhaifu au haupo kabisa. Ukiwa imara kabisa, shukuni mkasi.

Ya 1943 ilikuwa chuma kilichopakwa zinki, hivyo sumaku huinasa. Ikiwa na rangi ya shaba na bado inanaswa, imepakwa rangi. Isiponaswa, huenda ni ya shaba kweli: ipimeni, kisha tazameni tarakimu 3: mkia wake ulishuka chini kupita tarakimu nyingine. Walaghai hukwangua 8 ya 1948, na mkia wa 3 inayobaki huwa mfupi. Ikipita hapo pia, itieni kwenye kifuko kisicho na PVC, maana plastiki hiyo huacha utando wa kijani, na msiiuze kabla haijathibitishwa na PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu.