Vijinzi vya Mabibo Navyo Vina Kinga

Ndugu zangu, hili nimelisema hapa Mtwara hadi wengine mnabadili njia mkiniona sokoni. Nalisema tena: inzi ana kinga. Juzi kijana kaniambia, "Mwalimu, mdudu hana kingamwili, kinga ataitoa wapi?" Kingamwili, zile protini za damu zinazotengenezwa kumnasa kijidudu fulani, kweli hana. Lakini nenda chini ya mkorosho msimu wa mabibo, okota bibo lililopasuka, linalonuka uraka kabla halijakamuliwa. Vile vijinzi vyenye macho mekundu vinavyokurukia usoni vinakula humo, vinataga humo, na funza wao wanaogelea kwenye hamira na bakteria tangu siku ya kuanguliwa. Bila kinga wangebaki?

Mwaka 1996, kule Strasbourg, maabara ya Jules Hoffmann iliwaambukiza fangasi vijinzi wa jamii hiyo waliokosa kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ishara, kiitwacho Toll. Wakafa, ukungu ukaota hadi nje ya mwili, kama mkate uliosahaulika kabatini.

Sasa hapa ndipo vijana wanapopotea, na hunikera! Toll ya inzi haimgusi fangasi. Ni balozi wa nyumba kumi: mwizi hajamwona, anangoja kuletewa habari. Protini zinazozunguka kwenye damu ya inzi ndizo zinazotambua ukuta wa fangasi, au wa baadhi ya bakteria. Zinaamsha vimeng'enya, vimeng'enya vinakata protini iitwayo Spätzle, na hiyo iliyokatwa ndiyo inayokwenda kumbishia hodi Toll ili aamshe kinga.

Kwetu mamalia balozi anatoka mwenyewe. TLR4, kimoja cha vipokezi vyetu vinavyofanana na Toll (ndizo TLR), na protini msaidizi wake MD-2, hushika lipopolisakaridi, molekuli ya ukuta wa baadhi ya bakteria. Mwaka 1998 kundi la mtafiti Bruce Beutler lilieleza siri ya panya fulani ambao ukiwadunga lipopolisakaridi hawashtuki: jeni yao ya TLR4 ina kosa. Mtasema, heri yao! Heri gani? Bakteria hai wa Salmonella wachache tu wanawamaliza, maana hakuna aliyepiga yowe. Hoffmann na Beutler wakapata Nobel mwaka 2011.

Binadamu tuna TLR kumi, nilitaka tuzipitie, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Basi moja tu: inzi ana njia ya pili ya kuamsha kinga, iitwayo Imd, na huko kipokezi PGRP-LC hushika vipande vya ukuta wa bakteria chenyewe. Msije mkanitangaza nimesema inzi hagusi kabisa.

Naam, mzee wangu? Ubwiriunga? Ah, huo ni fangasi wa mkorosho, na mkorosho una vipokezi vyake vingine kabisa. Watafiti wa kilimo wa Naliendele watakujibu vizuri kuliko mimi.