Kufufua Pikipiki Iliyochoka na Kuipunguzia Uzito kwa Mfuko Mdogo

Mhadhara uliotolewa kwa mafundi vijana na wanafunzi wa ufundi, Ilala, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu mafundi, wanafunzi, na nyinyi mliokuwa mkipita tu mkavutwa na injini iliyofumuliwa hapa mezani, karibuni. Nimeombwa nieleze namna mtu wa kipato cha kawaida anavyoweza kununua pikipiki iliyotumika, akaifufua, kisha akaipunguzia uzito. Nitaeleza kwa kutumia pikipiki yangu mwenyewe, ile iliyoegeshwa hapo nje chini ya mwarobaini, kwa kuwa makosa yote nitakayoyataja niliyafanya juu yake kwa mikono yangu.

Ni pikipiki ya Kichina ya sisi (cc) 150, na kabla haijafika kwangu ilikuwa bodaboda kati ya Gongo la Mboto na Buguruni kwa miaka kadhaa. Niliinunua kwa shilingi 700,000, nikatenga 500,000 nyingine kwa ajili ya kuitengeneza. Nilikuwa nataka chombo ninachoweza kukivusha kwenye mchanga wa Kigamboni na kukiinua peke yangu kikilala kwenye tope la masika. Msimamo wangu, nao nitautetea mpaka nitakaposhuka hapa, ni kwamba uzito hupunguzwa kwa mizani na spana kabla haujapunguzwa kwa fedha, na kwamba fedha, zikiwa chache, mahali pake ni ndani ya injini, kwenye breki na kwenye tairi.

Nianze na ununuzi, japo kwa ufupi. Kabla hujaiwasha, chukua kadi ya usajili, inama, ulinganishe namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Ikiwa hata tarakimu moja haikubali, mshukuru muuzaji uende zako, maana pikipiki isiyo na karatasi safi haiwezi kuwa ya bei rahisi hata ukipewa bure.

Ukiwa umeinama hapohapo, soma herufi zinazotangulia namba ya injini. Injini nyingi za Kichina huwa na alama kama 156FMI au 162FMJ, na wengi wetu huzipita kana kwamba ni mapambo. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F maana yake inapozwa kwa hewa. M ni ya pikipiki. Na herufi ya mwisho ni kundi la ujazo, ambapo I ni 125 na J ni 150. Yangu ni 162FMJ. Mwenye kujua hivyo akifika Kariakoo haombi pistoni ya pikipiki ya jina fulani, anaomba pistoni ya milimita 62, na maduka yanayoweza kumuuzia yanakuwa mengi kuliko yale yenye jina lake kwenye kibao.

Injini hizi za fito, yaani vijiti vinavyosukuma valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), zina ukoo mmoja. Baba yao ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na tarehe ya kumwaga oili husahauliwa. Waliobuni injini ile hawakuweka kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda. Waliiweka chini, ikasukuma valvu kwa fito mbili, na jino moja tu la kamshafti likafanya kazi ya valvu zote mbili. Ni injini nzito kidogo kwa nguvu inayotoa, nakiri, lakini ni injini ambayo fundi anaweza kuifumua kwenye turubai chini ya mti na kuirudisha siku hiyohiyo ikawaka.

Sasa, injini imechoka kiasi gani? Usikubali kushusha injini kabla hujajibu swali hilo, kwa sababu kila boliti unayoifungua bila sababu inaweza kukukatikia ndani ya aluminiamu. Toa plagi, funga geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda, piga kiki mara kadhaa ukiwa umevuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, uandike namba unayoiona. Kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pale ambapo ringi, zile pete za pistoni, zimeshindwa, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye ringi na silinda. Isipopanda, shaka iende kwenye valvu. Yangu ilipanda. Nilipoivua silinda nikaingiza ringi ndani yake, nikaisawazisha kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pengo la ncha zake lilikuwa pana kiasi kwamba nililiona kwa macho kabla sijashika geji.

Hapo nisisitize jambo ambalo limewatia watu wengi hasara. Silinda iliyolika haiponywi kwa ringi mpya peke yake, kwa sababu imelika kwa umbo la yai, na ringi ya duara haikai kwenye yai. Inachongwa, na pistoni inawekwa ya saizi iliyozidi, kwanza kwa milimita 0.25, safari ijayo kwa 0.50. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji mkononi, aipime ndipo achonge, kwa kuwa nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na pistoni mbili za maboksi yanayofanana zinaweza zisilingane. Ukimwachia silinda tu ukamwambia "nichongee sitini na mbili na robo", umemwachia bahati yako. Ukishafunga, weka nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya valvu na kinachoisukuma, injini ikiwa baridi kabisa, karibu milimita 0.08 kwa jamii hii, na usidanganywe na wanaosema valvu isiyolia ndiyo iliyosetiwa vizuri. Valvu ya moshi iliyobana hailii, inaungua kimyakimya.

Nikiwa bado kwenye manunuzi, niseme neno kuhusu beringi. Beringi ya gurudumu haina kabila. Ubavuni imeandikwa namba, kwa mfano 6301, na namba hiyo dunia nzima ina maana ya tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 37 na unene 12. Nenda nayo kwa wauza beringi badala ya wauza spea za pikipiki, uchague iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu maji yetu ya Jangwani na Msimbazi yakijaa hayaulizi beringi ni ya chapa gani. Oili sili, mipira inayozuia oili isivuje, nazo ni hivyohivyo: zimeandikwa kipimo cha ndani, cha nje na unene.

Tuje kwenye uzito wenyewe. Niliazima mizani ya gunia kwa mwenye duka la nafaka jirani yangu. Unapandisha gurudumu la mbele juu ya mizani, la nyuma unaliwekea mbao hadi lilingane kwa kimo, unasoma. Kisha unageuza, unajumlisha. Yangu, ikiwa na mafuta nusu tangi, ilikuwa na kilo 124. Baada ya hapo kila kitu kilichofunguliwa nilikitundika kwenye mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia samaki, nikaandika kwenye daftari kabla ya kuamua kama kinarudi.

Daftari hilo lilinifundisha adabu. Bampa la chuma la kulinda miguu lilikuwa kilo 4.2. Keria ya nyuma, iliyochomelewa na fundi wa bodaboda ili ibebe magunia, kilo 3.6. Stendi ya kati pamoja na springi zake, kilo 2.3, sasa nikitaka kushughulikia cheni naweka kreti la soda chini ya injini. Vyuma vilivyoongezwa chini ya kiti ili abiria wakae wawili, kilo 1.9. Na hiki ndicho kilichonichekesha: tope lililokauka na grisi iliyoganda chini ya madigadi, ndani ya kava la cheni na nyuma ya sproketi ya mbele, nililikwangua kwa bisibisi nikalijaza kwenye mfuko wa rambo, likawa kilo 1.1. Jumla ni kilo 13.1, na sikuwa nimetoa hata shilingi. Bampa na keria vilinunuliwa na kijana wa kijiweni, kwa hiyo kwa hesabu ya haki, kilo zile zilinilipa mimi.

Lakini kilo hazilingani. Iliyo kwenye fremu hubebwa tu. Iliyo kwenye ukingo wa gurudumu hubebwa na pia huzungushwa, na pikipiki inapoondoka au inaposimama, kilo hiyo moja ya ukingoni hudai nguvu kama ya kilo mbili. Zaidi ya hayo, gurudumu liko chini ya shokapu, kwa hiyo likiwa zito hupiga shimo kwa nguvu na shokapu huchelewa kulirudisha chini. Ndiyo maana nikashughulika na tairi. Mwenye bodaboda alikuwa ameweka nyuma tairi pana kuliko ya kiwandani kwa ajili ya mzigo, niliporudisha 3.00-18, mizani ya samaki ilionyesha pungufu la gramu 800. Tairi ilikuwa imeisha, ningeinunua tu. Rimu za aluminiamu nilizitamani, nikauliza bei, nikajumlisha na spoku zake na ujira wa fundi wa kuzipanga, nikaona kwamba fedha ile ni pistoni, kuchonga silinda na pedi za breki za mbele na viatu vya nyuma. Nikaziacha dukani.

Na mafuta tusiyasahau. Lita moja ya petroli ina karibu robo tatu za kilo. Mtu anayetoka Ilala kwenda Kigamboni na kurudi akiwa na lita 12 tangini, ilhali 5 zingemtosha, anatembeza zaidi ya kilo tano juu kabisa ya pikipiki, mahali ambapo uzito huchosha mikono kuliko popote.

Sasa nieleze upumbavu wangu, maana niliahidi. Baada ya kuona namba zinashuka nililewa. Nikatoa boksi zima la chujio la hewa, gramu 600, nikafunga kichujio kidogo cha sponji moja kwa moja kwenye kabureta, kama nilivyoona kwenye pikipiki za vijana. Ilinguruma vizuri sana. Wiki ya tatu, nikiwa barabara ya vumbi ya Kimbiji, ikaanza kukosa nguvu na kutoa joto ambalo goti lililisikia kupitia suruali. Nilipotoa plagi niliikuta nyeupe kama chaki, wakati ilipaswa kuwa na rangi ya kahawia. Hewa ilikuwa imezidi, jeti ya kabureta, tundu linalopimia petroli, ilikuwa ileile, mchanganyiko ukawa mkavu, yaani petroli ikawa chache kuliko hewa. Na sponji ile ilikuwa imepitisha vumbi la kutosha kusaga ringi zangu mpya. Silinda ilichongwa tena, safari hii kwa 0.50. Gramu 600 zile ndizo ghali kuliko zote nilizowahi kupunguza, na boksi la hewa limerudi mahali pake.

Kwa sababu hiyohiyo sikugusa mambo manne, na nitawaomba radhi wale wanaosubiri niwaonyeshe matundu. Sikutoboa diski ya breki wala sproketi, kwa sababu gramu zinazotoka ni chache na ufa huanzia pembeni ya tundu lililotobolewa vibaya. Sikukata fremu ya nyuma, kwani ndiyo inayoshika shokapu. Madigadi ya mbele ilibaki, maana bila hiyo tope la masika huishia usoni. Na kava la cheni lilibaki, kwa sababu mke wangu huvaa khanga na baibui, na mnajua kanga ikiingia kwenye cheni hutokea nini.

Cheni yenyewe ipimeni kwa rula. Pingili 20 za cheni mpya ya saizi 428 ni milimita 254. Zikifika 259 huku umeivuta, hiyo imekwisha, na ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili. Mimi nilipobadilisha niliongeza jino moja mbele, kutoka 15 hadi 16, kwa kuwa pikipiki iliyopungua na isiyobeba magunia inaweza kulivuta, na injini sasa inazunguka taratibu kwenye barabara ya Kilwa.

La mwisho ni chumvi. Sisi tuko pwani, na boliti ya chuma ndani ya aluminiamu ikikaa kwenye hewa ya bahari hushikana nayo kama imechomelewa. Kila boliti niliyoirudisha niliipaka grisi kwenye nyuzi, ukiacha zile za breki, ambazo nilizisafisha tu na kuzifunga kwa kipimo.

Juzi niliirudisha kwenye mizani ya gunia, mafuta nusu tangi kama mwanzo. Ilisoma kilo 110. Mwenye duka akaniuliza kama nimeibadilisha injini, nikamwambia hapana, nimeiondolea bodaboda. Katika zile 500,000 zilibaki 20,000, na zilizozidi nusu ya fedha yote ziliishia kwenye silinda ambayo hakuna mtu anayeiona. Mizani ipo hapa, na pikipiki ipo nje. Mwenye shaka aje tushikiane tuipandishe.