Anzeni Barabarani: Kupanga Mtandao wa Ethaneti wa Kamera za Barabara

Mabibi na mabwana, mkipewa kazi hii msianze kwa kuchagua kamera. Shukeni barabarani na mita ya kupimia, mpime kutoka nguzo hadi nguzo.

Kebo ya shaba ya Ethaneti, yaani ya mtandao wa kuunganisha vifaa kwa waya, ina mpaka wa mita 100, vipande vya kuunganishia vikiwemo. Ndani ya jengo mpaka huo hausumbui sana. Barabarani, nguzo chache tu za taa zinaumaliza. Kwa hiyo shaba itoke kwenye kamera iishie katika kabati la nguzo ileile, na kati ya kabati na kabati ipite faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga. Faiba ya modi moja, yaani ile ya kwenda mbali, yenye moduli za kawaida za gigabiti (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga), hufika kilomita 10. Tena ile isiyo na chuma ndani haipitishi umeme: radi ikipiga nguzo moja, haitasafiri humo kwenda kuunguza swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ya kabati la pili. Kipande cha shaba kinachopanda nguzoni ndicho cha kuwekewa kinga ya radi, na waya wa ethi ufike ardhini kweli.

Umeme wa kamera hupita katika kebo ileile ya data. Kiwango cha mwaka 2003 cha kulisha umeme hivyo hutoa wati 15.4 kwenye poti, yaani tundu la kebo kwenye swichi, cha 2009 wati 30, cha 2018 hadi 90. Nyingine hupotea njiani. Zile 30 huhesabiwa 25.5 zikifika kwenye kamera. Pigeni hesabu ya usiku, taa za infraredi zikiwa zinawaka na kamera inageuka. Na msomeni mtengenezaji vizuri: swichi ya poti 8 inaweza isimudu kulisha zote 8 kwa nguvu kamili.

Data ni kuzidisha tu. Kamera 24 za megabiti 6 kwa sekunde ni megabiti 144, na njia ya megabiti 100 imeshalemewa. Kwenye hifadhi, megabiti 4 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 43 kwa siku kwa kila kamera. Mkiambiwa picha zikae siku 30, hiyo ni terabaiti 1.3 kwa kamera moja.

Sasa hapa naomba tutulie. Swichi zikifuatana kama shanga kwenye uzi, faiba ikikatika, kamera zote za mbele ya mkato zinapotea. Ndiyo maana tunafunga pete: njia moja ikikatika, data inazungukia upande wa pili. Itifaki ya G.8032, yaani kanuni ambazo swichi za pete hufuata, imekusudiwa kufanya hivyo chini ya milisekunde 50. Lakini nimewahi kuona pete iliyochorwa vizuri sana kwenye karatasi, na pande zake zote mbili zimelazwa katika mtaro mmoja. Katapila lilipita mara moja, likakata zote mbili. Upande wa kurudi uvuke barabara, ulazwe ng'ambo.

Kabati nalo liko nje, usiku hakuna mlinzi. Zimeni poti zisizotumika, na swichi ikatae kifaa chochote kisichojitambulisha. Saa za kamera zote zifuate seva moja ya saa, maana mwendo wa gari kati ya kamera mbili hukokotolewa kwa saa hizo.

Ramani mlizokuja nazo, zifungueni. Tufuatilie kwa kidole pete ya kila mmoja inarudi kwa njia gani.